Misemo ya Kiingereza cha Marekani: anzia kwenye besiboli

Ukihamia Marekani, jifunze kidogo besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, hata kama huipendi, kwa sababu misemo mingi ya kazini imetoka huko. Umemwalika mwenzako chakula, akajibu “rain check”? Hajakukataa moja kwa moja, anaomba iwe siku nyingine. Zamani mvua ikivunja mechi ya besiboli, watazamaji walipewa tiketi ya kurudi siku nyingine, nayo ndiyo iliyoitwa “rain check”. Muulize siku gani itamfaa. Akikwepa kutaja, basi mwache, hiyo ni hapana ya kistaarabu. Bosi akitaka “ballpark figure” (“ballpark” ni uwanja wa besiboli), mpe makadirio tu, usihangaike na senti.

Mimi huandika daftarini sentensi nzima, nani kamwambia nani, na kwa sauti gani. Nisipoelewa nauliza palepale, “What do you mean?” Wengi hueleza bila hiana.