Jinsi ya kuukamata ubongo wako ukikutengenezea rangi

Chukua mfuniko mwekundu wa ndoo au wa kopo, uweke juu ya karatasi nyeupe sehemu yenye mwanga wa kutosha. Ukodolee macho pale katikati sekunde 30 bila kuyahamisha, kupepesa ruksa, halafu uondoe ghafla ila macho yabaki palepale kwenye karatasi. Utaona duara la kijani kama la buluu hivi linaelea, na hapo hakuna kitu!

Iko hivi, nyuma ya jicho kwenye retina, ule utando unaopokea mwanga, kuna seli zinaitwa koni, kama milioni 6 kila jicho, ziko aina tatu, kuna zinazoshika zaidi mawimbi marefu ya mwanga, za kati, na za mafupi, na koni moja peke yake haijui rangi hata kidogo, mpaka zilinganishwe. Kulinganisha kunaanza hukohuko kwenye retina kunaendelea mpaka kwenye ubongo wa kisogoni, nyekundu inashindanishwa na kijani, njano inashindanishwa na buluu. Ndo maana hujawahi kuona nyekundu yenye ukijani ndani yake. Sasa ukikodolea nyekundu muda wote huo koni zake zinachoka, mizani inaangukia upande wa pili. Jaribu na njano, itakuja buluu.

Jambo la pili lilinitia hasara. Kitambaa cha sare ya harusi kilipungua nikaenda kutafuta cha kuongezea duka jingine, chini ya taa nikavilinganisha, sawasawa, nafika nje juani kimoja maruni kingine zambarau kabisa. Ubongo huwa unaitoa rangi ya taa kwenye hesabu, ndo maana shati jeupe ni jeupe juani na kwenye balbu ya njano pia, lakini hauwezi kurudisha mwanga ambao taa yenyewe haikutoa, na vitambaa vilivyotiwa rangi kwa dawa tofauti vinafanana kwenye taa moja vinaachana kwenye nyingine. Kwahiyo omba utoke navyo mlangoni mchana, vibananishe vigusane, ndo ulipe. Muuzaji akinuna mwache anune.

Hata lile gauni la mtandaoni la 2015, watu walilobishania rangi yake kwenye picha, lilikuwa ishu hiyohiyo, kila ubongo ulikisia mwanga wake. Lenyewe ni buluu na nyeusi, najua kabisa, na mpaka leo nikiifungua ile picha naona nyeupe na dhahabu.