Jinsi ya kuomba sharti la kwenye hati ya nyumba liondolewe au lilegezwe, hasa pale jirani anapokukalia kooni

Jirani akikwambia "hapa huruhusiwi kujenga hivyo, hati inakataa", usimjibu chochote kwanza. Usigombane naye na wala usimuombe radhi. Unachotakiwa kujua ni kama hilo sharti lipo kweli, na kama lipo, ni la nani, maana watu wengi wanasimamisha ujenzi au wanatoa hela kwa sababu ya mtu ambaye kisheria hana haki ya kuwadai kitu chochote. Na wapo wanaofanya kinyume chake, wanampuuza jirani kumbe ndo mwenye sharti, mwisho wa siku wanabomolewa.

Masharti ninayoongelea ni yale binafsi yanayowekwa na muuzaji pale ardhi inapouzwa: nyumba moja tu kwenye kiwanja, hakuna kufanya biashara, ukuta usizidi urefu fulani, ramani ya nyumba ipitishwe na muuzaji kwanza. Kwenye nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, masharti ya kukataza kama haya yanaweza kumfunga hata mnunuzi wa tano au wa sita. Msingi wake ni kesi ya London ya mwaka 1848 kuhusu bustani ya Leicester Square, iliuzwa 1808 kwa sharti kwamba ibaki wazi isijengwe, ikapita mikono kadhaa mpaka ikafika kwa mtu aliyenunua huku akijua hilo sharti, akataka kujenga, mahakama ikamkatalia. Kwa hiyo kusema "mimi sikusaini hiyo kitu" peke yake haikusaidii.

Hatua ya kwanza: toa nakala rasmi

Nenda masijala ya ardhi uombe nakala iliyothibitishwa ya hati yako, pamoja na ramani yake na ule mkataba wa zamani wa mauzo ambao hati inautaja. Usitegemee fotokopi uliyopewa na aliyekuuzia. Mara nyingi hati yenyewe inaandika tu "kiwanja hiki kina masharti yaliyomo kwenye mkataba wa tarehe fulani", na maneno yenyewe yako kwenye huo mkataba, sasa usipouomba unarudi nyumbani na karatasi isiyokusaidia. Kama ofisi inaruhusu, toa pia nakala ya hati ya jirani anayelalamika. Hii watu wanaisahau sana.

Hatua ya pili: soma neno kwa neno

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Tuseme umekuta hivi: "Mnunuzi na watakaomfuatia hawatajenga zaidi ya nyumba moja ya kuishi bila idhini ya maandishi ya muuzaji, kwa manufaa ya ardhi iliyobaki ya muuzaji iliyopakwa rangi ya bluu kwenye ramani." Chukua kalamu upige mstari sehemu tatu.

"Bila idhini" maana yake mlango upo, unaomba tu. Kama hayo maneno hayapo, katazo ni kamili na itabidi uombe sharti lenyewe libadilishwe. "Ya muuzaji" inakuonyesha wa kumwomba, na kama ni kampuni angalia kama bado ipo kwenye usajili. "Rangi ya bluu" ndo inayomaliza ubishi wa jirani, yaani fungua ramani uone kiwanja chake kimo ndani ya bluu au nje. Kama kiko nje, kwa kawaida sharti halikuwekwa kwa ajili yake na hawezi kulisimamia, isipokuwa eneo zima liligawanywa na muuzaji mmoja na kila kiwanja kikauzwa kwa masharti yaleyale ili wote wabanane wenyewe kwa wenyewe. Ndo maana nikasema utoe na hati yake, ukikuta masharti yenu yanafanana neno kwa neno basi mchukulie kwa uzito, huyo huenda ana haki kabisa.

Ukikuta sharti la kibaguzi, mfano linalokataza watu wa rangi fulani kuishi hapo, hilo halina nguvu. Marekani mahakama ya juu kabisa iliamua mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza, na sheria ya 1968 ikapiga marufuku ubaguzi kwenye makazi. Lakini maneno yenyewe bado yapo kwenye hati nyingi za zamani kule.

Hatua ya tatu: muone wakili kabla hujaongea na mtu

Sio kwa kila kitu, ila kwa hili ndiyo. Sehemu nyingine, mfano Uingereza, kuna bima ya kukulinda dhidi ya sharti la zamani ambalo mwenye nalo hajulikani, na kampuni za bima huwa zinakataa kama ulishamwandikia anayeweza kudai. Yaani ile barua yako ya ustaarabu inaweza kukufungia njia rahisi kuliko zote. Muulize wakili hilo swali moja kwa moja.

Na tafadhali usichanganye kibali cha ujenzi na sharti la hati. Kibali kinatoka serikalini, sharti ni la mtu binafsi, kupata kimoja hakufuti kingine. Kuna kampuni ya ujenzi Uingereza ilikuwa na kibali, ikajenga nyumba 13 kwenye ardhi yenye sharti la kutojenga, pembeni ya kiwanja cha hosipisi, yaani kituo cha kutunza watoto wenye magonjwa yasiyopona, halafu ndo ikaenda kuomba sharti libadilishwe. Kesi ikafika mahakama ya juu kabisa na mwaka 2020 ombi likakataliwa, na mahakama ilitilia maanani kwamba walivunja sharti makusudi. Omba kwanza, jenga baadaye.

Hatua ya nne: barua ya ridhaa

Kama mwenye sharti anajulikana na wakili amekubali, andika barua fupi. Kitu kama hiki:

"Mimi ni mmiliki wa kiwanja namba fulani. Mkataba wa tarehe fulani, kifungu cha 3, unakataza zaidi ya nyumba moja bila idhini yako. Naomba idhini ya kujenga nyumba ndogo ya nyuma kama inavyoonekana kwenye mchoro niliouambatanisha, urefu mita 3, madirisha yote yakitazama upande wangu. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Gharama za wakili wako zikiwa za kuridhisha nitazilipa."

Usiweke historia ya ugomvi humo. Tuma kwa njia yenye risiti na utunze nakala. Akikubali kwa mdomo tu hujapata kitu, akiuza nyumba kesho mwenye nyumba mpya hajui lolote.

Hatua ya tano: baraza au mahakama

Akikataa au hapatikani, unaomba chombo chenye mamlaka kiondoe au kilegeze sharti. England na Wales ni baraza la ardhi, chini ya kifungu cha 84 cha sheria ya mali ya 1925, na nchi nyingine zina utaratibu wao. Hoja zinazosikilizwa pale ni kwamba eneo limebadilika mpaka sharti limepitwa na wakati, au linazuia matumizi ya kawaida ya ardhi bila kumpa mwenzako faida ya maana, au wenye haki wameshakubali, au hawataumia. Hoja ya "jirani ana wivu" haimo. Kwa hiyo ushahidi wako uwe picha za mtaa, ramani za zamani na za sasa, nyumba nyingine zilizokwishavunja sharti hilohilo na hakuna aliyelalamika. Na ujiandae kuambiwa ulipe fidia hata ukishinda.

Majirani watapewa taarifa na watakuwa na muda wa kuweka pingamizi. Ambaye sharti halimhusu atatakiwa kuonyesha haki yake inatoka wapi, na wengi wa kimbelembele wanaishia hapo. Katika kipindi chote hiki, akiingia kwenye kiwanja chako au akifukuza mafundi, andika tarehe na saa, piga picha, hifadhi meseji zake, usijibizane naye ukutani. Usuluhishi ukipendekezwa, nenda, ni nafuu kuliko kesi na mara nyingi kumbe kinachomuuma ni dirisha moja tu linalotazama uani kwake.

Hatua ya sita: sajili

Ukipata ridhaa au amri, ipeleke kwa msajili wa ardhi ikiwa na sahihi na mashahidi wanaotakiwa, lipa ada, kisha baada ya muda omba nakala mpya ya hati uhakikishe sharti limefutwa au limeandikwa upya kama mlivyokubaliana. Kama bado linasomeka vilevile, rudi siku hiyohiyo na stakabadhi yako.