Somo: hifadhi kabla programu haijauawa

Mama mmoja wa Birere, hapa Goma, huandika madeni ya wateja kwenye programu niliyomtengenezea. Siku moja alishajaza jina na faranga 14.000, simu ikalia, akapokea. Kurudi, fomu tupu. Kosa lilikuwa langu: nilihifadhi ndani ya onDestroy, sehemu ya msimbo ambayo Android huiita skrini inapobomolewa.

Hatua ya 1. Jua ni ujumbe gani wa mfumo wa kutegemea. Kwenye Android, skrini ikifunikwa kidogo unapata onPause. Ikitoweka kabisa, onStop. Memori ikipungua, mfumo unaua mchakato mzima, yaani programu yote inayoendelea, huko nyuma, na onDestroy haiitwi. Simu za soko letu zina memori ndogo, kwa hiyo hili hutokea kila siku.

Hatua ya 2. Kila sehemu ya fomu ikijazwa, andika rasimu kwenye hifadhidata papo hapo. Yaliyobaki yamalize kwenye onStop. onPause ni fupi mno. Usiipe kazi nzito.

Hatua ya 3. Kutuma kwenye seva mwachie WorkManager, maktaba ya Android ya kazi za nyuma, kwa sharti la kuwepo rezo. Kazi hubaki kwenye foleni hata simu ikizimwa na kuwashwa. Kila deni lipe namba yake ya pekee, maana rezo ikikatika katikati litatumwa tena, na seva isimdai mteja mara mbili. Nawaomba sana msiliruke hili: ni pesa za watu.

Hatua ya 4. Jaribu. Kwenye mipangilio ya wasanidi, simu ikiwa ya Kifaransa, washa «Ne pas conserver les activités», inayobomoa skrini mara tu unapoiacha. Jaza nusu, toka, rudi.

Maswali

— Ndugu, mbona nikizungusha simu onDestroy inaitwa?
— Kwa sababu skrini inajengwa upya, mchakato ukiwa hai. Uliza isChangingConfigurations, itakuambia kama ni kujengwa upya tu. Fomu iweke kwenye ViewModel, chombo kinachoshika data skrini ikijengwa upya, lakini nayo hufa pamoja na mchakato. Rasimu bado inahitajika.

— Sisi wa Flutter, zana ya kutengeneza programu za Android na iPhone kwa pamoja, je?
— Hifadhi kwenye paused, hali ya programu kutoonekana tena. Kwenye iPhone, inactive, hali ya programu kupoteza umakini, huja hata mtu akishusha pazia la arifa tu. Usitegemee detached, hali ya mwisho kabisa.

— Yaya, mteja wangu amelazimisha programu isimame, na madeni hayakutumwa.
— Hapo WorkManager naye husimama. Rasimu ipo salama kwenye simu. Akifungua programu tena, foleni itaendelea.