SOMO: Kuchagua mahali pa depo hapa Goma (someni kabla ya kuniuliza)

Jambo wote. Wiki hii peke yake watu saba wameniandikia pembeni swali lilelile: "Mama, nifungue depo wapi?" Naandika mara moja, hatua kwa hatua, na atakayeuliza tena nitamtumia hili. Nazungumzia depo ya kugawa, yaani mali inaingia kwa kamyo (lori) na inatoka kidogo kidogo kwenda madukani. Sizungumzii duka, wala stoo ya kufungia mahindi ukingojea bei ipande. Mimi nagawa unga, mafuta, sukari na sabuni, mwaka wa kumi na mbili sasa.

Hatua ya 1. Andika wateja ulio nao, mtaa kwa mtaa, na mara ngapi kila mmoja huchukua mali kwa wiki. Wale unaotumaini kuwapata usiwaandike.

Hatua ya 2. Hesabu safari kwa dakika. Kilomita zitakudanganya, maana kilomita mbili za kupita Birere saa nne asubuhi si kilomita mbili za lami tupu. Wengi hukimbilia karibu na Grande Barrière, mpaka wa Rwanda, kwa sababu kamyo zinaingilia huko. Lakini kamyo moja inaleta mzigo wa siku kadhaa kwa safari moja, na mzigo huohuo unatoka kwa safari kumi, ishirini. Safari za kutoka ndizo zinakula pesa.

Mfano kutoka daftari langu. Kwa wiki nilikuwa na safari 20 za Ndosho, 12 za Majengo na 6 za Birere. Depo ikiwa Birere, kwenda Ndosho dakika 50, Majengo 25, Birere penyewe 10. Zidisha, jumlisha: dakika 1,360. Ongeza kamyo mbili za kuingia, dakika 15 kila moja, unapata 1,390. Depo ikiwa Katindo: Ndosho 25, Majengo 20, Birere 30, jumla 920, kamyo mbili kwa dakika 40 zinaleta 80, unafika 1,000. Tofauti ni dakika 390 za kwenda tu. Pamoja na kurudi ni saa 13 kila wiki. Sasa linganisha saa hizo na kodi unayofikiri umeokoa.

Hatua ya 3. Lango. Mlete dereva wa kamyo, si mchoro. Aingie, ageuze, atoke. Akishindwa, mtashusha barabarani, na mvua haitawangojea.

Hatua ya 4. Umeme na maji: waulize majirani, usimwulize mwenye nyumba.

Hatua ya 5. Ardhi yenyewe. Hapa nilikosea, na nusura mtu afe. Someni polepole.

Mwaka 2017 nilipata depo upande wa magharibi, chini ya barabara inayoelekea Sake. Pana, saruji safi, mabati mapya, kodi nusu ya bei ya mjini. Niliiona mchana, jua kali, upepo unatoka ziwani. Sakafu ilikuwa chini ya barabara kama urefu wa mtu, na nikafurahi kwamba magunia yatashuka bila kuchosha wabebaji. Nikalipa garanti (amana) ya miezi sita.

Wiki ya pili, mwezi wa saba, nilifika saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hakuna upepo hata kidogo. Mbele ya mlango wa chini walilala kuku wawili na mjusi mmoja, wamekufa, bila jeraha. Nikamwita sentineli, mlinzi wa usiku. Sauti yake ikatoka juu, karibu na mabati: "Mama, usiteremke!" Usiku kichwa kilimuuma sana, akaamka, akaona taa yake ya mafuta imezimika pale sakafuni karibu na mkeka. Akaitikisa, mafuta yamo. Akaogopa, akapanda juu ya magunia ya unga, akakaa huko mpaka nikafika. Tulimtoa kwa ngazi kupitia dirisha la upande wa barabara. Angebaki kwenye mkeka, ningekuwa nimezika mtu.

Ile ni mazuku. Watu wa hapa wanalijua jina, lakini wanaohamia kutoka mbali hawalijui. Ni gesi ya kaboni, ileile tunayoitoa tukipumua, inayopanda kutoka ndani ya ardhi kupitia nyufa za mawe ya volkeno. Ni nzito kama mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo inajaa kwenye mabonde na mashimo kama maji yanavyojaa kwenye beseni. Haina rangi wala harufu. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, inakusanyika. Mchana upepo unaitawanya, ndiyo maana mchana sikuona kitu. Upande wa Mugunga, Bulengo na Lac Vert unajulikana kwa hilo, na hata Kyeshero karibu na ziwa kuna sehemu zake.

Kwa hiyo:

– Usikodi mahali palipo chini kuliko majirani bila kufika pale alfajiri isiyo na upepo, mara tatu, siku tatu tofauti. Simama juu, usishuke.
– Angalia majani yaliyokauka sehemu moja tu, ndege, panya au wadudu waliokufa bila sababu.
– Taa ikizimika, ondoka. Lakini taa kuwaka HAIMAANISHI uko salama. Gesi hiyo ikifika asilimia 10 ya hewa mtu anaweza kuzimia kwa dakika chache, na moto unaweza kuwa bado unawaka.
– Ukiona mtu ameanguka bondeni, usiiname kumwinua. Wengi hufa wawili kwa namna hiyo. Ita watu, tafuta kamba.
– Uliza Observatoire Volcanologique, kituo cha kuchunguza volkeno. Wanafuatilia maeneo ya mazuku na ni kazi yao.
– Sentineli asilale sakafuni. Popote. Hata kama umehakikishiwa.

Garanti yangu haikurudi. Sihesabu hiyo.

Hatua ya 6. Ona sertifika ya parseli (hati ya kiwanja) kwa macho yako, ikiwa na jina la anayepokea pesa. Komisioneri (dalali) akulete kwa mwenyewe, asipokee kwa niaba yake.

Hatua ya 7. Njia ya pili. Februari 2024 barabara ya Sake ilipofungwa, chakula cha Minova kilianza kuja kwa mashua. Aliyekuwa na depo inayofikika kutoka Kituku, bandari ya mashua, aliendelea kuuza. Wengine walikaa na daftari tupu. Kabla ya kusaini jiulize: barabara yangu kuu ikifungwa kesho, mali itaingilia wapi?

Maswali hapa chini.

—

Kijana_Himbi: Mama, depo Himbi ni dola ngapi kwa mwezi?

Mama wa Katindo: Sikuandika bei. Fanya hatua ya 1 na ya 2 kwanza, utajua kama Himbi inakufaa.

Biashara_Safi: Nimepata moja Mugunga, bei rahisi sana, mwenyewe anataka pesa leo jioni. Nilipe?

Mama wa Katindo: Umesoma hatua ya 5?

Biashara_Safi: Ni refu, nimepitia juu juu.

Mama wa Katindo: Usilipe leo. Rudi usome.

Mzee wa Sake: Sisi tumezaliwa huku, tumeishi na mazuku. Mnawatisha watu, mtashusha bei za viwanja vyetu.

Mama wa Katindo: Mzee, shikamoo. Sikusema Magharibi yote ni mbaya. Nimesema mabonde, na nimesema mtu aende alfajiri kuona. Ninyi mliozaliwa huko mnajua shimo gani mbuzi hafungwi. Mgeni hajui, na komisioneri hamwambii. Kiwanja kizuri hakitapoteza bei kwa kuangaliwa alfajiri. Hilo sitaliondoa kwenye somo.

Mzee wa Sake: Kuhusu mbuzi unasema kweli. Mtu akifika awaulize wachungaji.

Mama wa Katindo: Aksanti Mzee. Wote muongeze hilo kwenye hatua ya 5: waulizeni wachungaji.

Chukudu_Majengo: Yaya, mimi nasukuma chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo) na nataka kuanza depo ndogo na wenzangu wanne. Mji unateremka kutoka volkeno kwenda ziwani. Si ni vizuri depo iwe juu, mzigo ushuke wenyewe, na chukudu ipande tupu?

Mama wa Katindo: Mdogo wangu, hili ni swali la mtu anayefikiri. Ndiyo, kwa chukudu hesabu yangu ya dakika inabadilika: andika dakika za kushuka na mzigo na dakika za kupanda tupu mbali mbali, usizidishe kwa mbili kama nilivyofanya mimi wa kamyo. Ungekuwa chini, kila gunia lingepanda kwa jasho lenu. Lakini fikiria upande wa pili. Juu kaskazini ndiko lava ilikotokea 2002, ikapita mjini mpaka ziwani, na 2021 ilikata barabara ya Rutshuru ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Kwa hiyo juu weka mali ya siku mbili tatu tu, ile inayozunguka haraka. Akiba kubwa iwe sehemu nyingine, hata kwa kushirikiana na mtu. Na daftari la madeni lisilale depo, lilale nyumbani kwako. Mei 2021 watu walitoka usiku bila kitu mkononi. Gunia unaweza kununua tena, lakini nani atakumbuka madeni yote ya watu?

Chukudu_Majengo: Aksanti sana yaya. Daftari sikufikiria kabisa.

Bukavu_Nyawera: Na sisi wa Bukavu? Mazuku hatuna, lakini milima tunayo.

Mama wa Katindo: Kwenu adui ni maji na mteremko. Sikufanya kazi Bukavu, kwa hiyo nasema yale niliyoyaona kwa dada yangu anayekaa Kadutu, jirani na Funu ambako udongo unateleza miaka yote. Angalia nyufa za ukuta: mpya zina kingo kali na vumbi halijaingia. Angalia miti na nguzo zilizoinama zote upande mmoja. Nenda wakati wa mvua kubwa ufuate maji ya parseli ya juu yanaishia wapi. Kama yanaishia mgongoni mwa ukuta wako, acha. Na ule ukuta wa mawe wa nyuma uwe na matundu ya kutolea maji. Usio na matundu utasukumwa siku moja.

Bukavu_Nyawera: Nimeelewa. Swali dogo: sukari yangu inashika unyevu na kuganda. Ni mahali au ni mimi?

Mama wa Katindo: Magunia yako yanagusa ukuta?

Bukavu_Nyawera: Ndiyo, ili kupata nafasi.

Mama wa Katindo: Yaondoe. Mbao chini, na kati ya gunia na ukuta mtu aweze kupita kiubavu na tochi. Utaona panya mapema pia. Na usifungue milango yote asubuhi ya mvua ukidhani unapitisha hewa, unaingiza maji.

Mama_Sabuni_Ndosho: Naomba niulize hapohapo. Unga na sabuni depo moja, unafanyaje?

Mama wa Katindo: Kona mbili za mbali kabisa, sabuni upande ambao upepo unatokea nje, si unaoingilia. Bora zaidi ukuta wa mbao kati yake. Unga ukishashika harufu ya sabuni haurudi, na mteja atanusa bukari (ugali) yake mezani siku ya kwanza.

Mama_Sabuni_Ndosho: Na majani ya chai?

Mama wa Katindo: Chai inashika harufu kuliko unga. Ikae chumba chake, au usiiuze.