Jinsi ya kukadiria chaji ya setilaiti inayokatiza plazma

Watu wengi wanadhani kule juu ni utupu mtupu, lakini kwenye kilomita 400 hivi bado kuna gesi nyembamba ambayo jua limeivunja ikawa elektroni na ioni (atomi zilizopoteza elektroni), ndo plazma hiyo, na chombo chochote kikipita humo kitashika chaji tu. Kujua ni volti ngapi huhitaji programu kubwa, kalkuleta inatosha.

Kwanza jiulize nani anakigonga chombo kwa wingi. Elektroni ni nyepesi mno, kwa joto la elektronivolti 0.1 (kipimo cha nishati ya chembe) zinakimbia wastani wa kilomita 212 kwa sekunde, ioni za oksijeni kwa joto hilohilo ni kama kilomita 1 tu. Setilaiti yenyewe inaenda 7.7, yaani inazipita ioni, kwa hiyo ioni zinaipiga usoni tu na nyuma panabaki kivuli kisicho na ioni, wakati elektroni zinaingia pande zote. Matokeo yake chombo kinakuwa hasi, afu ule uhasi unaanza kuzisukuma elektroni nyuma mpaka mikondo miwili ilingane, hapo voltiji inatulia.

Chukua boksi la sentimita 10 kila upande, saizi ya 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiwa kutoka kituo cha anga za juu cha ISS Mei 2018. Elektroni zinakimbia kila upande ovyo, kwa hiyo kwa kila uso hesabu robo tu ya mwendo wake: robo ya 212 ni 53, zidisha na pande 6, unapata 318. Ioni: 7.7 mara upande 1. Gawanya, inakuja kama 41, chukua logi asilia yake (kitufe cha ln) ambayo ni 3.7, zidisha na ile 0.1, jibu ni kama volti hasi 0.4. Ndogo sana, haitishi.

Wengi wanaishia hapo na mi naona wanaacha sehemu muhimu kuliko zote, uga wa sumaku wa dunia. Kitu cha chuma kikiukata uga huo kinazalisha voltiji kati ya ncha zake, zidisha mwendo, uga na urefu. Kwa uga wa tesla 0.00003, kile kiboksi kinapata milivolti 23, lakini fremu ya ISS yenye mita 109 inafika volti 25, na ule waya wa kilomita 19.7 uliotandazwa kutoka chombo cha anga cha Marekani Columbia Februari 1996 kwa hesabu hii unapata 4,500 na ushee, walipima kama 3,500 kwa sababu waya haukuukata uga kwa pembe mraba muda wote. Ukakatika, cheche ilipenya palipokuwa na kasoro kwenye kihami ikauunguza. Kwa hiyo pima urefu kabla hujapima kitu kingine chochote.

Afu angalia paneli za sola. Za ISS ni volti 160 na upande hasi umefungwa kwenye fremu, upande chanya unavuta elektroni kwa fujo na fremu nzima inazidi kuzama kwenye uhasi, ndo maana wakaweka kifaa kinachotoa plazma ya zenoni ili isizidi volti 40, manake wanaanga wanaigusa wakiwa nje.

Ukienda kilomita 36,000 usitumie hesabu ya juu. Huko elektroni za dhoruba za sumaku zina maelfu ya elektronivolti, mwanga wa jua unang'oa elektroni kwenye ngozi ya chombo na kusaidia kuirudisha karibu na sifuri, ila kikiingia kivulini kinaweza kufika maelfu ya volti hasi. Hatari kubwa ni sehemu moja kuwa tofauti na nyingine, kioo cha paneli na fremu kwa mfano, hapo cheche inaruka. Funga kila chuma kwenye fremu moja, paka kioo tabaka lisilozuia mwanga linalopitisha umeme, na kebo yoyote isiyotumika usiiache ikielea bila kuunganishwa.