Champ, Deluxe 5E3, Princeton Reverb: sauti safi inaishia wapi?

Champ, Deluxe 5E3 na Princeton Reverb ni amplifaya za gitaa za Fender. Namba ya kwenye kitufe cha volyumu haikuambii amplifaya ina nafasi kiasi gani ya sauti safi, yaani sauti isiyokwaruza. Kitufe cha Fender Deluxe 5E3 ya miaka ya 1950 kina namba hadi 12, na ukifika 4 au 5 karibu sauti yote imeshatoka. Kinachobaki ni mkwaruzo. Princeton Reverb ina namba hadi 10. Ukiweka zote kwenye 5 bado hujalinganisha kitu. Swali ni hili: zinatoka desibeli ngapi kabla sauti haijaanza kukwaruza?

Rekodi kwenye pedali ya lupu (inayorekodi na kurudia ulichopiga) sekunde 20 za gitaa lenye volyumu iliyojaa: kodi ya E (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) iliyopigwa kwa nguvu, kisha waya mnene wa E peke yake. Hapo kila amplifaya inalishwa mkono uleule. Weka simu yenye programu ya kupima desibeli mita 1 mbele ya spika, pandisha volyumu kidogo kidogo, na uandike kipimo pale kodi inapoanza kukwaruza. Kisha ongeza hadi mwisho. Desibeli zikipanda 2 au 3 tu huku mkwaruzo ukizidi, umeshavuka nafasi ya sauti safi.

Tumia spika moja kadiri inavyowezekana. Spika inayotoa desibeli 3 zaidi kwa wati moja ni sawa na kuongeza wati maradufu, kwa hiyo spika mbili tofauti zinaweza kukudanganya kabisa. Deluxe na Princeton hutumia spika ya ohm 8 (kipimo cha upinzani wa umeme). Champ hutaka karibu 4. Zima kabla ya kubadilisha spika, na usiwashe amplifaya ya valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) bila spika: transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Utakachosikia kina sababu zake. Champ 5F1 ina valvu moja ya kutoa nguvu, 6V6, na wati 5 hivi, kwa hiyo inaanza kukwaruza ukiwa bado unaweza kuongea na mtu chumbani. 5E3 ina 6V6 mbili, lakini haina mrejesho hasi (sehemu ya sauti inayorudishwa nyuma ili kupunguza mkwaruzo) na bayasi yake, yaani mpangilio wa mkondo wa valvu, ni ya kathodi: valvu inajirekebisha yenyewe, ndiyo maana inaingia kwenye mkwaruzo taratibu. Sikiliza ule waya mnene: noti inazama kidogo kwanza, halafu inavimba. Besi ikilegea na kuvuruga, punguza volyumu ya gitaa kabla ya kugusa kitu kingine. Princeton Reverb ina bayasi isiyobadilika na mrejesho hasi. Inakaa safi muda mrefu, halafu inakatika kwa ghafla zaidi.

Kwenye 5E3, volyumu ya chaneli (njia ya kuingizia gitaa) usiyotumia nayo inaingilia. Ukiipandisha hadi mwisho, inavuta chini sauti ya chaneli unayopiga. Iache palepale kwenye majaribio yote.

Wengi hukosea wanapobadilisha valvu ya kwanza ya 5E3, 12AY7, kwa 12AX7. Kipimo chake cha kukuza kinatoka 45 hivi hadi 100, kwa hiyo mkwaruzo unakuja kitufe kikiwa chini zaidi, lakini wati za 6V6 hazijaongezeka wala kupungua. Kubadilisha rektifaya (valvu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) 5Y3 kwa GZ34 ndiko kunakopandisha volti, na 6V6 inaweza kuzidiwa. Mpe fundi apime kwanza. Usifungue mwenyewe: kapasita (vihifadhi umeme) zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi.

Amplifaya ya Marekani ikitumia transfoma ya kushusha umeme wa volti 230 au 240, pima volti zinazotoka kwa multimita kabla ya kila jaribio. Moja ikipata 108 na nyingine 120, ile ya kwanza itakwaruza mapema, na kosa si lake.