Somo: Kuchagua nyaraka za maigizo ya zamani kabla ya kuzitia kwenye skana

Wakuu, swali hili limeulizwa mno. Naliweka lote hapa, someni mpaka mwisho ndipo muulize.

1. Orodhesha kwanza: boksi, bahasha, kilichomo, kimetoka kwa nani.

2. Matangazo yanayofanana, bakiza mawili.

3. Andiko la mchezo. Hapa ndipo kazi huharibika. Mchezo mmoja unaweza kuwa na nakala nne, na watu huchukua iliyo safi, chakavu ikaenda jalalani. Fanya kinyume. Nakala yenye mistari iliyokatwa, "ingia kushoto", "ngoma ianze", jina la mchezaji limefutwa likaandikwa jingine, ndiyo iliyobeba onyesho. Safi imebeba maneno tu. Linganisha ukurasa kwa ukurasa. Huku kwetu zipo ngonjera za shuleni zilizochapwa kwa stensili, tangu Mathias Mnyampala, mshairi, mwana wa Dodoma, alipoueneza utanzu huo mwishoni mwa miaka ya 1960. Usidhani zote ni moja: shule hukata beti na kuongeza zake.

Onyo: usifute kalamu ya risasi ili ukurasa upendeze. Usichomoe picha iliyobanwa ndani kabla ya kuandika ilikuwa ukurasa wa ngapi. Ikishatengana na andiko lake, hakuna atakayejua ni ya onyesho gani. Pini yenye kutu usiivute: penyeza plastiki nyembamba chini yake, inua miguu yake kwa kisu butu.

4. Ruhusa iwe ya maandishi. Kwa sheria ya hakimiliki ya 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kuwa na karatasi si kuwa na mchezo.

5. Skani kwa rangi, nukta 400 kwa inchi, faili la TIFF (aina ya faili la picha lisilopunguza ubora). A4 moja hula kama MB 46. Picha ndogo, nukta 600. Hifadhi nakala tatu, moja nje ya jengo.

MASWALI

Mdau, Kongwa: Mkuu, nipe tu orodha ya vitu vya kuchukua.
Jibu: Hatua ya 3.

Mdau, Kongwa: Nakala chafu ya nini, kama safi ipo?
Jibu: Nimeshaeleza. Rudi usome, ndugu.

Mwalimu, Mpwapwa: Tuna kaseti za muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo, zilizorekodiwa pamoja na igizo. Tuzichague vipi?
Jibu: Swali zuri, Mwalimu. Anza na zile ambazo mchezo na ngoma vimo kwenye mkanda mmoja bila kukatwa, maana zinaonyesha ngoma iliingia wapi. Safisha kichwa cha redio kwa spiriti, peleka mkanda mbele mpaka mwisho na urudishe, ndipo urekodi kwenye kompyuta: faili la sauti la WAV, kilohezi 96, biti 24. Saa moja ya stirio ni kama GB 2. Kava la kaseti liskaniwe pia, pande zote. Na kama kina mama waliopiga zile ngoma wapo, wasikilizisheni. Majina yao yaandikwe siku hiyohiyo.

Mdau, Chamwino: Vumbi je? Kioo kinachafuka kila baada ya kurasa chache.
Jibu: Kiangazi hiki fanya kazi asubuhi kabla upepo haujaanza, madirisha yamefungwa. Karatasi ipanguswe nje ya chumba cha skana, kwa brashi laini, toka katikati kwenda pembeni.

Mdau, Chamwino: Selotepu ya zamani niibandue?
Jibu: Hapana, dada. Inaondoka na wino. Skani nayo hivyohivyo.